Si Uzee Tu: Kuitambua na Kuitibu Sonona ya Wazee

Kiswahili kina maneno mengi ya kusema kwamba moyo wa mtu haujatulia: huzuni, majonzi, simanzi, msongo wa mawazo, unyong'onyevu, kukata tamaa. Wingi huo ni utajiri, lakini pia huleta mkanganyiko, kwa sababu ugonjwa unaozungumziwa hapa, ambao baadhi ya watu huuita sonona na wengine mfadhaiko au unyogovu, haulingani na lolote kati ya maneno hayo. Mtu anaweza kuwa na majonzi mazito bila kuwa na sonona. Tena, na hili ndilo linalowashangaza wengi, mzee anaweza kuwa na sonona kali bila kutamka hata siku moja kwamba ana huzuni.

Tumchukue fundi cherehani wa miaka 74. Ni mtu wa kubuni, lakini hana dalili hata moja ambayo si ya kawaida katika ugonjwa huu. Aliacha kazi ya kulipwa zamani, akaendelea kuwashonea wajukuu. Sasa bintiye amemleta kwa daktari kwa mara ya tatu katika miezi miwili. Mara ya kwanza lilikuwa tatizo la mgongo, mara ya pili tumbo kujaa na kukosa choo, na safari hii ni usingizi: huamka saa tisa usiku na halali tena mpaka kunakucha. Vipimo havijaonyesha kitu. Mkanda wa suruali yake una tundu jipya lililotobolewa kwa msumari, vidole vitatu ndani ya matundu ya kiwandani. Binti anasema baba ameanza kusahau. Cherehani imefunikwa kwa shuka muda mrefu, na watu wa nyumbani wamekubaliana kwamba ni macho. Mzee mwenyewe akiulizwa hali hujibu, "Nzuri tu, ni uzee."

Kila kipande cha habari hii kina maelezo yanayokubalika kikichukuliwa peke yake. Migongo ya wazee huuma, usingizi wao hupungua, macho hufifia, na kumbukumbu haiwi ile ya ujanani. Ndiyo maana sonona ya uzeeni hupita mbele ya macho ya watu wenye akili zao timamu, wakiwamo madaktari, bila kuonekana. Kosa halitokani na kutomjali mzee. Linatokana na kumlinganisha na picha tuliyo nayo vichwani ya jinsi mzee anavyokuwa, na picha hiyo ina nafasi kubwa mno kwa uchovu, ukimya na kujitenga. Kipimo cha haki ni kumlinganisha na yeye mwenyewe: alikuwaje miezi mitatu iliyopita, nini kimebadilika, na kilianza lini? Uzee huja polepole, kwa miaka. Mzee aliyekuwa akishona mwezi wa tatu na ambaye kufikia mwezi wa sita hagusi uzi hajazeeka katika miezi hiyo mitatu. Ameugua.

Uzee wenyewe wala si chanzo cha sonona kama inavyodhaniwa. Tafiti za watu wanaoishi majumbani mwao haziwaonyeshi wazee wenye afya kuwa na sonona zaidi ya watu wa umri wa kati, na mara nyingi huonyesha kinyume chake. Idadi hupanda wanapohesabiwa waliolazwa hospitalini, wanaoishi katika nyumba za kutunzia wazee, wanaouguza wenzi wao, na wenye magonjwa sugu yanayowazuia kujifanyia mambo yao. Umri hauleti ugonjwa moja kwa moja. Huleta pamoja nao mambo yanayoweza kuuleta.

Vigezo vya uchunguzi vinavyotumiwa sana duniani, ambavyo vimewekwa na chama cha madaktari wa akili cha Marekani, vinataja dalili tisa. Mgonjwa anapaswa kuwa na walau tano kwa wiki mbili mfululizo, karibu kila siku, kwa kiwango cha kuvuruga maisha yake, na moja kati ya hizo tano lazima iwe ama huzuni au kupotewa na hamu na raha ya mambo aliyoyapenda. Nyingine saba ni mabadiliko ya ulaji au uzito, mabadiliko ya usingizi, mwili kuzubaa au kukosa utulivu kiasi cha kuonekana na wengine, uchovu, kujiona hafai au kubeba hatia isiyo na sababu, kushindwa kufikiri au kuamua, na kufikiria kifo. Ukizitazama kwa macho ya mzee mwenye kisukari, moyo uliochoka na magoti yanayouma, utaona tatizo: uzito, usingizi, uchovu na uzito wa mwendo vyote vinaweza kuwa vimeletwa na kitu kingine. Kwa hiyo mzigo wa ushahidi huhamia kwenye zile dalili ambazo ugonjwa wa mwili hauzielezi vizuri, na juu ya zote ile ya kupotewa na hamu.

Hapo ndipo cherehani inaposema. Daktari akimuuliza fundi kwa nini ameacha kushona, kuna majibu mawili yanayofanana kwa mbali na kutofautiana sana kwa karibu. Mtu ambaye macho yamemwangusha atasema, "Natamani, lakini tundu la sindano silioni," na pengine ataomba mjukuu amtungie uzi. Fundi wetu anatazama sakafu, anakawia, kisha anasema, "Nishone ili iweje?" Miwani mipya haitibu jibu hilo.

Kwa nini wazee hawalalamikii huzuni? Wengi walilelewa katika imani kwamba maumivu ya mwili ni halali kupelekwa hospitali na maumivu ya moyo si halali, hivyo mwili hupewa kazi ya kusema. Wengine kwa kweli hawaihisi huzuni. Wanahisi utupu, au hawahisi chochote. Kwa baadhi, kinachojitokeza mbele ni wasiwasi: moyo kwenda mbio, hofu ya kuachwa peke yao, kuuliza jambo lile lile mara kumi. Kwa wengine ni ukali, mzee aliyekuwa mpole akigeuka mtu wa kununa na kufoka. Lugha nayo haisaidii. "Habari yako?" ni swali ambalo hata mgonjwa mahututi hujibu "nzuri" kabla ya kufikiri, na atakayeishia hapo amesalimia tu, hajachunguza. Maswali yanayofaa ni yale yasiyo na jibu lililoandaliwa: jana uliamka saa ngapi, ukafanya nini baada ya hapo, ni kitu gani wiki hii kilikufurahisha, ni nini unachokingojea.

Majonzi ya kufiwa yanahitaji maneno yake, kwa sababu uzeeni misiba hufuatana na si sahihi kumpa dawa kila anayelia. Majonzi huja kwa mawimbi. Wimbi likipita, mfiwa anaweza kucheka akisimulia kisa cha marehemu, anakubali kufarijiwa, na hajidharau. Sonona ni kama maji yaliyotuama. Haipandi wala kushuka kwa kumbukumbu, faraja haiipenyi, na mtu hujigeukia mwenyewe: mimi ni mzigo, nilipaswa kufa mimi. Hata hivyo msiba haumkingi mtu na ugonjwa. Mjane ambaye miezi kadhaa baada ya mazishi amekonda, hatoki kitandani na anasema hana haki ya kuishi amevuka mpaka wa majonzi, na kuendelea kumwambia kwamba muda utamponya ni kumnyima matibabu.

Mkanganyiko mkubwa zaidi, na wenye gharama kubwa zaidi, uko kati ya sonona na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, yaani dimensia. Sonona hupunguza kasi ya akili na kuvunja umakini, na jambo ambalo halikusikilizwa vizuri haliwezi kukumbukwa. Familia huona kusahau, huogopa, na mara nyingine hukata tamaa mapema kwa kuamini kwamba hakuna la kufanya. Madaktari wenye uzoefu hutazama namna mtu anavyosahau. Mwenye dimensia kwa kawaida huficha upungufu wake: akiulizwa mwaka atakisia, atabadilisha mada, atamgeukia mkewe amjibie, na ni ndugu wanaolalamika kuliko yeye. Mwenye sonona hulalamika mwenyewe kwamba akili imekwisha, na akiulizwa husema "sijui" hata bila kujaribu. Akisubiriwa na kutiwa moyo, mara nyingi jibu lilikuwapo. Dimensia huanza bila tarehe. Sonona aghalabu ndugu wanaweza kuitaja kwa majuma: ilikuwa baada ya kutoka hospitali, ilikuwa kabla ya mavuno.

Tofauti hizo ni msaada, si sheria. Magonjwa haya mawili hukaa pamoja ndani ya mtu mmoja mara nyingi, na sonona inayoanza kwa mara ya kwanza uzeeni wakati mwingine ndiyo ishara ya awali ya dimensia inayokuja. Ndiyo sababu kumbukumbu hupimwa tena baada ya sonona kutibiwa, na mgonjwa aliyerudia hali yake huendelea kufuatiliwa. Kwa aliyekwisha kuwa na dimensia na hawezi kujieleza, kipimo kilichotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1988 hutegemea zaidi maelezo ya anayemtunza: je, hulia, hukataa chakula, huamka kabla ya alfajiri, hufurahia tena ujio wa watu?

Kuna hali ya tatu ambayo haipaswi kuchanganywa na hizi mbili hata kwa siku moja. Mzee akibadilika ndani ya saa chache au siku mbili tatu, akawa anasinzia mchana, hafuati mazungumzo, mara yuko sawa na mara hayuko, huo ni mvurugiko wa akili wa ghafla. Huletwa na maambukizi, upungufu wa maji, chumvi za damu kuvurugika, au dawa. Aina yake yenye kelele, ambapo mgonjwa huona vitu visivyokuwapo, hutambuliwa na kila mtu. Aina ya kimya, ambapo mzee analala tu, hajibu wala kula, huitwa sonona kimakosa, na wakati huo maambukizi yanaendelea. Hii ni dharura ya kumpeleka hospitali siku ile ile.

Mwili wenyewe unaweza kuizaa sonona au kuiiga. Tezi ya thairoidi inayofanya kazi chini ya kiwango humfanya mtu awe mzito, asikie baridi, afunge choo na apoteze hamu. Upungufu wa damu na wa vitamini B12 hufanya karibu hivyo hivyo. Karibu theluthi moja ya watu waliopata kiharusi hupata sonona baadaye, na ugonjwa wa Parkinson, mshtuko wa moyo na baadhi ya saratani huandamana nayo mara nyingi. Kwa baadhi ya wazee wenye presha na kisukari vya miaka mingi, mishipa midogo ndani ya ubongo huharibika kidogo kidogo bila kiharusi cha kuonekana, na wanasayansi tangu mwaka 1997 wamekuwa wakieleza kwamba uharibifu huo unaweza kukata njia za ubongo zinazohusika na hisia na msukumo wa kutenda. Mzee wa namna hii huonekana mvivu kuliko mwenye huzuni: hawezi kuanza jambo, hawezi kupanga, na dawa humchukua muda mrefu zaidi kumsaidia. Kabla ya kuandika dawa ya sonona, basi, damu hupimwa, thairoidi hupimwa, na mfuko wa dawa zote anazotumia humwagwa mezani, zikiwamo alizopewa na jirani. Steroidi, vidonge vya usingizi na baadhi ya dawa za zamani za presha zinaweza kuwa sehemu ya tatizo, na pombe vilevile, ambayo kwa mzee haiulizwi kwa sababu ya heshima.

Usikivu nao upimwe. Ni jambo dogo na la kuchosha kuliandika, lakini mzee asiyesikia vizuri huacha mazungumzo, hukaa pembeni, hutabasamu mahali pasipofaa, na wote humwona amejitenga kwa hiari.

Miongoni mwa vipimo vya maswali, kilichobuniwa mahususi kwa wazee mwanzoni mwa miaka ya 1980 kina maswali 30 ya ndiyo na hapana, na toleo lake fupi lina 15. Waliokitunga waliyaacha kwa makusudi maswali ya usingizi na hamu ya kula, kwa sababu hiyo tuliyoiona, wakauliza kuhusu kuridhika na maisha, kuacha shughuli, kuhisi utupu, kujiona asiye na maana. Katika toleo fupi, alama zaidi ya 5 huashiria kwamba uchunguzi kamili unahitajika, hazithibitishi ugonjwa. Anayekitumia kwa Kiswahili ajihadhari na maswali ya kukanusha. Ukimuuliza mzee, "Je, huna matumaini?" naye akajibu, "Ndiyo," hujui kama anasema ndiyo sina au ndiyo ninayo. Swali ligeuzwe: una matumaini, au yamekwisha? Na liulizwe binti akiwa nje ya chumba, kwa maana wapo wazazi ambao hawatasema mbele ya watoto wao kwamba wanatamani wasiamke kesho.

Swali hilo la kifo halirukwi. Katika sehemu kubwa ya dunia, viwango vya kujiua viko juu zaidi kwa watu wenye miaka 70 na kuendelea, hasa wanaume, na wazee hutoa ishara chache na hukusudia zaidi kuliko vijana. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Unaweza kuanza mbali, "Je, kuna wakati unaona heri usingekuwapo?", ukasogea karibu, "Umewahi kufikiria kujitoa uhai?", na akikubali, uliza kama amefikiria namna na kama anacho cha kutumia. Msikilize usimkemee, maana kumwambia ni dhambi humfundisha kunyamaza. Viuatilifu, silaha na akiba ya vidonge viondolewe alipo, asiachwe peke yake, na msaada wa daktari utafutwe siku hiyo. Kuna pia njia ya kimya ambayo haipewi jina hilo: mzee anayeacha insulini, anayetema vidonge vya moyo, anayefunga kinywa chakula kinapoletwa. Huenda ni uamuzi wa mtu mwenye akili timamu. Huenda ni sonona ndiyo inayoamua, na haifai kuuheshimu uamuzi huo kabla ya kulijua hilo.

Tukija kwenye matibabu, la kwanza kulisema ni kwamba yanafanya kazi. Wazee hupona sonona, ingawa mara nyingi polepole kuliko vijana, na imani kwamba mtu wa miaka 80 hawezi tena kubadilika imewanyima wengi tiba ya mazungumzo bila ushahidi wowote. Tiba hiyo ina aina kadhaa zilizojaribiwa kwa wazee. Moja humsaidia mgonjwa kuyatambua na kuyahoji mawazo yanayomlemea. Nyingine huchukua tatizo moja la maisha yake, hulivunja vipande, na kumwongoza kuchagua hatua ya wiki hii. Ipo inayopitia maisha aliyoishi, ili apate kuona alichojenga na kusamehe yasiyorekebishika. Katika sonona nyepesi na ya kati, tiba hizi zinaweza kutosha bila kidonge.

Iliyo rahisi kuieleza, na ambayo ndugu wanaweza kuisaidia, ni ile inayorudisha matendo kabla ya hamu. Tunadhani mtu hutenda kwa kuwa ana hamu, na kwa hiyo tunamngoja mgonjwa ajisikie vizuri ndipo aanze. Katika sonona mambo yamegeuka: hamu haiji mpaka tendo litangulie. Fundi wetu hataambiwa ashone shati. Siku ya kwanza ataondoa shuka juu ya cherehani, basi. Siku ya tatu atatia mafuta. Wiki ijayo atapiga mstari mmoja kwenye kipande cha kitambaa kisicho na kazi, saa nne asubuhi, iwe anataka au hataki, na ataandika kwenye daftari jinsi alivyojisikia kabla na baada. Mara nyingi daftari humpinga: alitarajia sifuri, akapata mbili katika kumi. Mbili hiyo ndiyo dawa. Kutembea na mazoezi mepesi ya kila wiki huingia katika mpango huo huo, na yana ushahidi wake mwenyewe wa kupunguza dalili.

Kwa sonona ya kati isiyoitikia mazungumzo, na kwa iliyo kali, dawa zinahitajika. Zinazoanza kutumiwa kwa kawaida ni zile zinazoongeza kemikali ya serotonini kati ya seli za neva, kama sertralini na esitalopramu. Mirtazapini huchaguliwa mara nyingi kwa aliyekonda na asiyelala, kwa kuwa huongeza hamu ya kula na kuleta usingizi. Kabla ya hapo daktari atauliza kama mzee aliwahi kuwa na vipindi vya furaha iliyopita kiasi, matumizi ya ovyo na kutolala, maana kwa mwenye historia hiyo dawa hizi peke yake zinaweza kuamsha kipindi kingine. Mwili wa mzee huondoa dawa polepole, hivyo huanza na dozi ndogo, mara nyingi nusu ya ile ya kijana, na kupanda taratibu. Lakini ni lazima kupanda. Kosa ambalo naliona kuwa baya kuliko dozi kubwa ni dozi ndogo iliyosahaulika, mgonjwa akimeza kwa mwaka mzima kiasi kisichoweza kumsaidia huku kila mtu akisema dawa haikufaa.

Hadhari kwa wazee ni mahususi. Dawa hizi za serotonini zinaweza kushusha sodiamu ya damu, hasa kwa anayetumia pia dawa za presha za kuongeza mkojo. Dalili zake ni kichefuchefu, kuyumba na kuchanganyikiwa, na hivyo sodiamu hupimwa ndani ya wiki chache za mwanzo. Zinaongeza hatari ya kuvuja damu tumboni zikichanganywa na aspirini, ibuprofeni au warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Huongeza pia hatari ya kuanguka, na nyonga iliyovunjika uzeeni si jambo dogo. Sitalopramu, nyingine ya kundi hilo la serotonini, haipaswi kuzidi miligramu 20 kwa siku kwa mwenye zaidi ya miaka 60, kwa ajili ya mapigo ya moyo. Amitriptilini, dawa ya zamani, bado hutolewa sana kwa sababu ni nafuu na hupatikana, lakini kwa mzee hukausha kinywa, hufunga choo na mkojo, huvuruga mapigo ya moyo na kumchanganya akili, na ikimezwa kwa wingi huua. Pale isipokuwapo nyingine, itumike kwa dozi ndogo na uangalizi. Diazepamu na jamii yake, yaani dawa za kutuliza na kuleta usingizi, si tiba ya sonona. Humlaza mtu usiku, humwangusha asubuhi, na kuiacha ni kazi.

Familia ielezwe mapema kuhusu muda. Madhara madogo, kama kichefuchefu na kukosa utulivu, huja katika wiki ya kwanza. Nafuu huja baadaye, kati ya wiki ya nne na ya sita, na kwa baadhi ya wazee mpaka wiki ya nane au ya kumi na mbili. Asiyejua hivyo huacha siku ya kumi, akiwa amelipa gharama yote na hajapokea chochote. Nafuu yenyewe huwa na mpangilio: usingizi na kula hutangulia, kisha nguvu, na hali ya moyo mara nyingi huwa ya mwisho. Ndugu huona mabadiliko kabla ya mgonjwa. Kipindi hicho cha katikati, nguvu zikiwa zimerudi na kukata tamaa bado kupo, kinahitaji kumtazama kwa karibu zaidi.

Kuna mgonjwa ambaye hawezi kungoja wiki sita: mzee aliyeacha kula na kunywa, au anayeamini kwamba matumbo yake yameoza na kwamba ameifilisi familia kwa dhambi zake. Kwake tiba ya umeme, ambayo hupitisha umeme kwa muda mfupi kwenye ubongo, ndiyo yenye nguvu na mara nyingi ya haraka kuliko zote. Jina lake linatisha, na historia yake tangu ilipoanzishwa Italia mwaka 1938 imechangia, lakini leo hutolewa mgonjwa akiwa amelazwa kwa nusu kaputi na misuli imelegezwa, kwa vipindi vichache kila wiki, na wazee huitikia vizuri pengine kuliko vijana. Upotevu wa kumbukumbu za karibu hutokea, na kwa wengi hupungua baada ya matibabu kuisha.

Kinachoshindikana zaidi, hata hivyo, si dawa wala mazungumzo. Ni ufuatiliaji. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002 uliwachukua wazee 1,801 wenye sonona katika kliniki 18 za Marekani. Nusu walipata huduma ya kawaida, na nusu waliongezewa mtu mmoja, muuguzi au mwanasaikolojia, aliyewapigia simu, akapima dalili zao kila mara, akatoa tiba fupi ya kutatua matatizo, na kumwambia daktari dozi inapokuwa haitoshi. Baada ya mwaka, asilimia 45 ya waliofuatiliwa walikuwa wamepungukiwa na nusu ya dalili au zaidi. Kwa waliopata huduma ya kawaida ilikuwa asilimia 19. Dawa zilikuwa zile zile zilizokuwapo madukani. Tofauti ilikuwa mtu wa kuuliza tena.

Mgonjwa akipona, dawa haiachwi. Huendelezwa kwa dozi ile ile iliyomponya, kwa wazee walau mwaka mmoja, na kwa aliyewahi kuugua mara mbili au tatu muda mrefu zaidi, pengine miaka. Kuiacha hufanywa kwa kupunguza kidogo kidogo kwa wiki au miezi, daktari akijua, kwa kuwa kuikata ghafla huleta kizunguzungu, usingizi mbovu na wasiwasi vinavyoweza kudhaniwa kuwa ugonjwa umerudi. Na unaporudi kweli, kwa kawaida hupita mlango ule ule uliopitia mwanzo, kwa hiyo inafaa mgonjwa na watu wa nyumbani waandike dalili zao za kwanza wakiwa bado wanazikumbuka. Katika karatasi ya fundi wetu, bintiye aliandika saa tisa usiku, akaandika tundu la mkanda. Mzee akaichukua kalamu akaongeza mwenyewe, kwa mwandiko wa fundi aliyezoea kuandika vipimo: shuka juu ya cherehani.